Kongoo la Helsinki na Lugha za Mpwapwa

Arvi Hurskainen alianza na ng'ombe, akamalizia na kompyuta. Msomi huyu wa Ufini, aliyekuwa profesa wa lugha na tamaduni za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alichapisha mwaka 1984 tasnifu yake kuhusu nafasi ya ng'ombe katika maisha ya Waparakuyo. Hao ni wafugaji wenye asili moja na Wamaasai, waliotawanyika tangu Mpwapwa na Kilosa hadi Bagamoyo na Handeni, na ambao Wagogo na Wakaguru wamezoea kuwaita Wahumba. Mwaka 1985 aligeukia Kiswahili. Alianza kuandika kanuni ambazo kompyuta ingezifuata ili ilichambue neno la Kiswahili jinsi mwanasarufi anavyolichambua. Kazi hiyo ilimshika kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya yale yaliyofanywa baadaye na wengine kuhusu Kiswahili na kompyuta ama ilijengwa juu yake, ama ililazimika kubishana naye.

Uwanja wake siku hizi huitwa insia dijitali: taaluma za lugha, historia, fasihi na sanaa zinapotumia kompyuta kama chombo cha kufikiria, si mashine ya kuchapia tu. Mwanzo wake huhesabiwa tangu mwaka 1949, pale padri Mjesuiti wa Italia, Roberto Busa, alipoishawishi kampuni ya IBM imsaidie kupanga faharasa ya kila neno katika maandishi ya Mtakatifu Thomas wa Akwino. Busa hakuandika hoja mpya kuhusu Thomas. Aliwapa wengine njia ya kutafuta hoja zao. Hapo ndipo msomi wa insia dijitali anapotofautiana na mwenzake wa kawaida: zao lake kuu mara nyingi si kitabu bali ni hazina ya matini, programu, kamusi au ramani ambayo watu asiowajua wataitumia kwa mambo asiyoyatarajia.

Ndiyo maana kuipima athari ya utafiti wa namna hii kuna utata. Kipimo kilichozoeleka vyuoni ni kuhesabu mara ambazo makala zimetajwa na watafiti wengine. Mmarekani Eugene Garfield alilifanya jambo hilo kuwa hesabu ya kawaida kwa faharasa yake ya sayansi katika miaka ya 1960, na mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akapendekeza kipimo kiitwacho h: mtu mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20. Kipimo hicho ni rahisi, ndiyo sababu wakuu wa vyuo wanakipenda. Lakini hakimwoni mtu aliyekopa kanuni za kompyuta bila kutaja makala iliyozieleza, wala hakimwoni mwandishi wa barua ofisini ambaye neno lake limewekewa mstari mwekundu na kisahihishi tahajia. Uingereza ilijaribu njia nyingine katika tathmini ya vyuo vyake ya mwaka 2014, ikavitaka vieleze utafiti umebadilisha nini nje ya kuta za chuo, na ikaipa sehemu hiyo asilimia 20 ya alama. Katika tathmini ya 2021 ikawa asilimia 25.

Watu wa Mpwapwa hawahitaji kufundishwa tofauti kati ya kutajwa na kutumika. Wilaya yao imekuwa na kituo cha utafiti wa mifugo tangu enzi za Wajerumani, na katika miaka ya 1940 na 1950 watafiti wa hapo walichanganya zebu wa kienyeji na damu ya Sahiwal, Red Sindhi na nyinginezo hadi wakapata ng'ombe anayejulikana kwa jina la Mpwapwa. Mfugaji anayemkamua ng'ombe huyo hajui, wala hana haja ya kujua, makala zilizomwelezea zilitajwa mara ngapi.

Tukirudi kwa Hurskainen, swali la kwanza ni kwa nini kazi yake ya Kiswahili ilifanyika Helsinki na si kwingineko. Jibu limo katika lugha ya Kifini yenyewe. Kifini, kama Kiswahili, ni lugha ya viambishi. Tofauti ni kwamba Kifini huvirundika mwishoni mwa neno, ilhali Kiswahili huviweka mbele na nyuma ya mzizi. Programu zilizotungwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika kidogo tu, hazikuwafaa Wafini. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa chuo hicho alitoa mfumo wa kimofolojia wa ngazi mbili: ngazi moja ina neno kama linavyoandikwa, ya pili ina viambishi na mizizi iliyolijenga, na kati yake kuna kanuni zinazoeleza jinsi sauti zinavyobadilika zinapokutana. Mwenzake Fred Karlsson naye akabuni sarufi ya vizuizi, ambayo itaelezwa punde. Hurskainen alikuwa na bahati ya kufanya kazi jirani na watu hawa wawili, naye akiwa na lugha ambayo ingeupima mfumo wao kwelikweli.

Chukua neno hawakutusomea. Kamusi haina neno hilo, wala haitakuwa nalo kamwe, ina soma. Mzungumzaji hulielewa mara moja. Kompyuta isiyo na sarufi huliona kama rundo la herufi. Kichanganuzi cha Hurskainen, kilichoitwa SWATWOL na kuelezwa katika makala ya mwaka 1992, hulivunja: ha ya ukanushi, wa ya nafsi ya tatu wingi, ku ya wakati uliopita katika ukanushi, tu ya mtendewa, mzizi som, e ya kutendea, na kiishio a. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kutoa maelfu kwa maelfu ya maumbo ya aina hiyo, kwa hiyo kuyaorodhesha yote ni kazi isiyokwisha. Kuandika kanuni zinazoyazalisha ni kazi yenye mwisho, ingawa mwisho huo uko mbali. Ngeli lazima zikubaliane, mizizi ya silabi moja kama la na nywa ina tabia zake, maneno ya Kiarabu hayanyambuliki kama ya Kibantu, na kuna watu kama mimi na wewe wanaoandika isipokuwa neno moja leo na maneno mawili kesho.

Kuvunja neno ni nusu ya safari. Umbo moja linaweza kuwa na tafsiri kadhaa: ua ni la kunusa, ni la kuzunguka nyumba, na ni kitendo cha kutoa uhai. Hapa ndipo sarufi ya vizuizi ya Karlsson ilipoingia. Badala ya kuitaka kompyuta ichague jibu sahihi, sarufi hiyo huitaka ifute yasiyowezekana. Likifuatiwa na jekundu, ua la ngeli ya U linaondoka na kitendo kinaondoka. Likifuatiwa na mpana, linaondoka lile la kunusa. Upatanisho wa kisarufi, ambao wanafunzi wa kigeni huulalamikia sana, kwa kompyuta ni neema. Yanayobaki magumu ni maneno yasiyosaidiwa na upatanisho: aliyepanda mtama, aliyepanda basi na aliyepanda mlima wote wana umbo lilelile la kitenzi. Magumu zaidi ni mafungu yanayosomwa kwa pamoja. Piga simu, piga kura, piga pasi na piga mbizi hayana pigo hata moja ndani yake, na Hurskainen alitumia muda mwingi kuyaingiza mafungu ya namna hii kwenye mfumo wake, kwa maelfu. Kichanganuzi, kanuni za kuondoa utata, kamusi na sehemu ya kutafsiri kwenda Kiingereza viliunganishwa katika mfumo mmoja alioupa jina la SALAMA.

Kilichowafikia watafiti wengi, hata hivyo, si SALAMA bali matini zilizopitishwa ndani yake. Mwaka 2004 lilitoka Kongoo la Kiswahili la Helsinki, mkusanyo wa maneno yapatayo milioni 12.5 kutoka magazeti na vitabu, kila neno likiwa limewekewa mzizi wake, aina yake, ngeli yake na uamilifu wake katika sentensi. Toleo la pili, lililotolewa mwaka 2016 kupitia Benki ya Lugha ya Ufini, lina maneno yapatayo milioni 25 na ndani yake yamo pia mazungumzo ya Bunge la Tanzania. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kujua kama Waswahili huandika zaidi kwa sababu ya au kwa ajili ya, na katika mazingira gani, alikuwa na njia mbili: kutegemea sikio lake, au kusoma magazeti ya mwaka mzima kwa kalamu mkononi. Kongoo lilimpa mamia ya mifano kwa dakika. Mabishano mengi ya sarufi, yale yaliyokuwa yakiamuliwa kwa sauti ya mkubwa, yakawa na ushahidi wa kukaguliwa na yeyote.

Mapema zaidi, kati ya mwaka 1988 na 1992, Chuo Kikuu cha Helsinki na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam viliendesha mradi wa pamoja wa kurekodi lahaja na masimulizi ya Kiswahili nchini Tanzania. Mkusanyo huo unajulikana kwa kifupi kama DAHE. Haukutumika sana kama kongoo la magazeti, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: sauti ni lazima inakiliwe kwa mkono kabla kompyuta haijaifanyia lolote, na maandishi ya lahaja huikorofisha programu iliyofunzwa Kiswahili sanifu. Lakini siku ambayo wasimulizi waliorekodiwa watakuwa wameondoka wote, thamani ya kanda zile huenda ikazidi ya magazeti, ambayo nakala zake zipo kwingi.

Njia nyingine ambayo kwayo utafiti huacha alama ni watu, na hapa rekodi ya Helsinki ni nzito. Selemani Sewangi, wa iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipata udaktari wake Helsinki mwaka 2001 kwa utafiti wa kuchota istilahi kutoka matini za Kiswahili kwa msaada wa kompyuta. Wazo lake lilikuwa la busara na lenye uchokozi kidogo: kabla kamati haijakaa kubuni istilahi mpya, itazame kwanza waandishi na wataalamu wanasemaje, kwa kuwa mara nyingi neno limekwishapatikana na linatumika. Sewangi baadaye akawa Katibu Mtendaji wa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, chombo hasa chenye dhamana ya istilahi nchini. Mwaka 2005, Mkenya Wanjiku Ng'ang'a naye alihitimu Helsinki kwa tasnifu iliyoshughulikia utata wa maana za maneno ya Kiswahili, akiunganisha kanuni za Hurskainen na mbinu za kuifunza mashine kutokana na data, kisha akaendelea kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuna hesabu ya nukuu inayoweza kusema mambo hayo mawili yana uzito gani.

Upande wa umma, kampuni ya Lingsoft ya Ufini, iliyoanzishwa na Koskenniemi na Karlsson mwaka 1986, ilitengeneza kisahihishi tahajia cha Kiswahili kutokana na kazi hiyo. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila chombo cha Kiswahili kwenye kompyuta kina asili ya Helsinki. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa juhudi nyingine, ya programu huria. Kamusi hai ya mtandaoni aliyoianzisha Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 ilitegemea michango ya watu wa kujitolea na si kanuni za sarufi. Historia ya eneo hili ina mito kadhaa, na mwandishi anayempa mtu mmoja sifa zote anawanyang'anya wengine.

Ushahidi bora zaidi wa athari ya kongoo ulitoka kwa watu waliokuwa na mtazamo kinyume na wa Hurskainen. Mwaka 2006 Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver kutoka Ubelgiji, pamoja na Peter Wagacha wa Nairobi, walilitumia Kongoo la Helsinki kuifunza mashine kutambua aina za maneno ya Kiswahili. Wao hawakuandika kanuni. Waliipa mashine mifano iliyokwisha kuwekewa alama, nayo ikajifunza yenyewe. Alama hizo ziliwekwa na SALAMA. Kwa maneno mengine, mbinu iliyokuja kuzisukuma kando kanuni ilinyonya kwanza kwa kanuni zenyewe. Tangu hapo wimbi limekuwa la data: Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma yake ya tafsiri mwaka 2009, kisha mitandao ya nyuroni ikashika usukani, na leo akili mnemba huandika Kiswahili kinachosomeka bila kupewa hata kanuni moja ya ngeli.

Hurskainen hakukubali kwamba mjadala umefungwa. Hoja yake, aliyoirudia katika ripoti nyingi baada ya kustaafu, ni kwamba mfumo wa kanuni unaweza kuulizwa kwa nini umekosea na ukarekebishwa mahali palepale, na kwamba lugha nyingi za dunia hazitapata kamwe mabilioni ya maneno ambayo mashine za kujifunza huyadai. Kwa ukaidi wa kupendeza alijenga hata mfumo wa kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kifini kwa mbinu aliyoipevusha kwenye Kiswahili, na mwaka 2017, pamoja na Jörg Tiedemann, akauingiza katika mashindano ya kimataifa ya tafsiri za mashine. Si mara nyingi ambapo maarifa yaliyopatikana kwa kuichunguza lugha ya Kiafrika husafiri kwenda kuihudumia lugha ya Ulaya. Mbinu hiyo ilikwisha kusafiri pia kwenda Kikwanyama cha Namibia na Angola, katika makala aliyoiandika na Riikka Halme mwaka 2001. Watafiti wengine walichukua njia hiyohiyo ya kanuni, kwa zana tofauti: Laurette Pretorius na Sonja Bosch kwa Kizulu, na Fridah Katushemererwe wa Makerere kwa Runyakitara.

Kasoro za urithi huu nazo zinaonekana. Kongoo lililojaa magazeti hujua mengi kuhusu mawaziri, mechi na ajali za barabarani, na kidogo kuhusu jikoni na zizini. Ni Kiswahili sanifu cha Tanzania. Cha Lubumbashi hakimo, wala Sheng ya Nairobi. Mazungumzo ya mnadani Mpwapwa, ambamo Kiswahili na Kigogo hupokezana ndani ya sentensi moja, hayamo kabisa. Tena hazina yenyewe imehifadhiwa Ulaya, na toleo lake la kwanza lilimtaka mtumiaji aombe ruhusa na kuahidi matumizi ya kitaaluma tu, kwa sababu haki za magazeti na wachapishaji hazikuwa mali ya chuo. Mwanafunzi wa Dodoma aliyetaka kusoma lugha yake kwa wingi alilazimika kubisha hodi Ufini.

Kwa nyanda za kati za Tanzania, swali zito zaidi linahusu lugha nyingine. Kigogo kina wasemaji wapatao milioni moja kwa hesabu za Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao ulitoa atlasi yake mwaka 2009. Mashariki ya Mpwapwa kuna Kikaguru, na kusini Kihehe. Gazeti la kila siku katika lugha hizi hakuna, Bunge haliendeshwi kwazo, na redio zimebanwa kwa muda mrefu na sera inayotaka Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo mashine inayojifunza kwa kusoma mabilioni ya maneno haina cha kusoma, ukiacha Biblia na vitu vichache.

Lakini msingi wa kanuni upo, na baadhi yake ni wa zamani. J. T. Last, mmisionari wa shirika la CMS aliyefanya kazi Mpwapwa na Mamboya zama za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Mwaka 2008 Malin Petzell wa Sweden alitoa sarufi mpya ya lugha hiyo pamoja na matini na msamiati, na Josephat Rugemalira wa Dar es Salaam ametunga kamusi ya Kigogo. Kichanganuzi cha mtindo wa SWATWOL hakihitaji zaidi ya vitu vya aina hiyo ili kianze: orodha ya mizizi, jedwali la viambishi, maelezo ya sauti zinavyobadilika, na mtu anayeijua lugha akiwa tayari kukaa na kanuni hizo miezi na miaka, akipitisha matini na kusahihisha makosa moja baada ya jingine. Ngeli za Kigogo na minyambuliko ya vitenzi vyake ni ndugu wa zile za Kiswahili, kwa hiyo mfanyakazi huyo hangeanzia patupu. Sehemu kubwa ya mpangilio wa kanuni ingehamishika, kama ilivyohamishwa kwenda Kikwanyama. Kazi itakayobaki kuwa mpya ni kuamua namna moja ya kuandika, kwani hata jina la lugha huandikwa Cigogo na wanaisimu na Chigogo na wengine, na kompyuta haivumilii tahajia mbili bila kuambiwa kwamba ni neno moja.